Jodari wa Kenya ni wa nani? Uzi mfupi

Kila mjadala wa uchumi wa bahari ukianza, lazima mtu aseme: "Wageni wanatuibia samaki!" Sisi wa Eldoret jodari tunamjua wa kwenye mkebe tu, lakini ushuru ni wetu pia, kwa hivyo tuongee.

Wageni si wa jana. Wajapani walianza kuvua jodari Bahari ya Hindi mwaka 1952, kwa mishipi mirefu yenye maelfu ya ndoana. Enzi hizo bahari ya nchi ilikuwa maili chache kutoka ufukweni. Ukivuka hapo, mwenye meli ndiye mwenye samaki.

Sasa hii haisemwi mikutanoni: Kenya ndiyo iliyopeleka mbele wazo la eneo la kiuchumi la maili 200. Mwanasheria wetu, Frank Njenga, alilieleza Colombo mwaka 1971. Mwaka uliofuata Kenya ikawasilisha rasimu kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa, Geneva. 1979 tukatangaza eneo letu, na 1982 wazo likaingia kwenye Mkataba wa Sheria ya Bahari. Dunia nzima inatumia kitu tulichosaidia kuandika!

Halafu? Miaka ya 1980 Wafaransa na Wahispania wakahamia huku kutoka Atlantiki, na nyavu zinazozingira kundi zima la samaki. Ushelisheli, nchi yenye watu wachache kuliko Eldoret ya leo, iliwauzia leseni na pia ikawapa bandari. Kiwanda cha mikebe kikafunguliwa Victoria 1987. Wamaldivi waling'ang'ania mashua zao, fimbo na ndoana, samaki mmoja mmoja, na bado wanauza nje.

Sisi tuliuza leseni, basi. Wavuvi wetu wengi walibaki ndani ya miamba, na jodari akapita nje.

Wizi upo, sikatai. Lakini meli nyingi unazozilaani zililipa, tena kihalali. Kosa si la mlinzi pekee, ni la aliyeridhika na kodi ya shamba.

Na muda unayoyoma. Kuanzia 2015 hadi 2024 jodari wa mapezi ya manjano alihesabiwa kuwa amevuliwa kupita kiasi. Nchi za Bahari ya Hindi zimebishana miaka zaidi ya 10 jinsi ya kugawana kilichobaki. Wenye meli wanasema mgao ufuate nani alivua zamani. Nchi za pwani zinajibu: samaki aliyevuliwa ndani ya maili zetu 200 aandikwe kwetu, hata kama meli ilikuwa ya Ulaya. Mgombea akija kwenu kuahidi meli za kisasa, muulize kwanza msimamo wake kwenye hilo.