Kopo la Nyanya

Nilipoacha chuo nikarudi Kibokoni, nyanya alinikabidhi kopo la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na mbegu za mbaazi, zimechanganywa na majivu zisiliwe na wadudu. "Panda hizo uani. Usikae bure."

Mbaazi za nazi na mahamri, nani Mombasa hazijui? Tunadhani ni zetu tangu enzi, kumbe asili yake ni Bara Hindi. Zilivuka bahari zamani sana, zikazoea pwani hadi mti wake ukapata methali: mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Sasa sikia hii. Sheria ya mbegu iliyorekebishwa 2012 ilifanya kuuza au hata kubadilishana mbegu zisizosajiliwa kuwa kosa: jela hadi miaka 2, au faini hadi shilingi milioni 1. Yaani kopo la nyanya lilikuwa magendo! Mahakama Kuu ilivifuta vipengele hivyo Novemba 2025. Nyanya alikuwa ameshagawia mtaa mzima, wala hakujua kama kuna kesi.

Mbaazi wangu uko kwenye ndoo ya rangi, umefika kiunoni. Maua bado. Nyanya akiniuliza, namwambia ni jua.