Mawe mawili yaliyoitangulia Dunia

Pale Kitai, barabara itokayo Songea kwenda Mbinga inapoachana na ile ya kuteremkia Ruanda na Lituhi, makaa ya mawe si kitu cha kushangaza mtu. Machimbo ya Ngaka yako jirani. Makaa hayo ni mimea iliyozama matopeni zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, zamani kuliko mijusi wakubwa wa Tendaguru, zamani kuliko ufa uliolizaa Ziwa Nyasa. Huo ni ukongwe wa kweli. Lakini kusini-magharibi hii hii ya Tanzania liliwahi kuanguka jiwe jingine jeusi, laini, linalomeguka upesi kama makaa, lenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 4.5.

Lilianguka Ivuna, upande wa kusini wa Ziwa Rukwa, tarehe 16 Desemba 1938. Leo Ivuna iko Wilaya ya Momba, mkoani Songwe, na tangu zama za kale imejulikana kwa chumvi yake. Kilichookotwa kilikuwa na uzito wa gramu 700 hivi, mzigo wa mkono mmoja. Hata hivyo, herufi ya kwanza ya jina la Ivuna ndiyo inayolitambulisha kundi zima la vimondo vya aina hiyo, kundi la CI, katika kila maabara duniani. Vimondo vya kundi hili vilivyoonekana vikianguka ni vitano tu, kikiwamo cha Orgueil, Ufaransa, cha mwaka 1864.

Kundi hilo linathaminiwa kwa sababu ya swali la zamani: sayari zilitoka wapi? Mwaka 1755 Immanuel Kant aliandika kwamba Jua na sayari zake zilitokana na wingu moja, na mwaka 1796 Pierre-Simon Laplace akaja na wazo linalokaribiana na hilo. Wote wawili waliacha pengo: vumbi linageukaje kuwa dunia? Mwanzoni mwa karne ya 20, Thomas Chamberlin na Forest Ray Moulton wa Chicago walipendekeza hatua ya katikati, yaani vijisayari, miili midogo iliyogongana na kushikamana hadi ikawa sayari. Walidhani mata yake ilichomolewa kutoka kwenye Jua na nyota iliyopita karibu. Dai hilo liliporomoka, vijisayari vikabaki. Mwaka 1969 Viktor Safronov, mwanasayansi wa Kisovyeti, alichapisha kitabu kilichoonyesha kwa hesabu jinsi miili hiyo inavyokua, mkubwa ukizidi kuvuta midogo.

Wakati nadharia hizo zikibishaniwa ng'ambo, ushahidi ulikuwa umelala huku kwetu. Kimondo cha Mbozi, kwenye kilima cha Marengi, nje kidogo ya barabara ya Mbeya–Tunduma, kiliingia katika kumbukumbu za kisayansi mwaka 1930 kupitia mpima ardhi W. H. Nott. Wenyeji walikuwa wakikifahamu tangu zamani. Mwaka uliofuata D. R. Grantham na F. Oates walichapisha maelezo yake: karibu asilimia 90 ni chuma, na zaidi ya asilimia 8 ni nikeli. Kina urefu wa mita tatu hivi, na uzito wake hukadiriwa kuwa tani 16. Awali sehemu kubwa ilikuwa imefukiwa, ikabidi udongo wa pembeni uchimbwe ili kionekane chote.

Chuma cha namna hiyo hakikuzaliwa chuma. Vijisayari vya mwanzo kabisa vilikuwa na alumini ya mionzi, ambayo nusu yake huisha kila baada ya miaka 700,000 hivi, na joto lake liliweza kuyeyusha mwili mzima kutoka ndani. Chuma kizito kikajitenga na mwamba, kikapoa polepole mno. Kwa kemia yake, Mbozi haingii katika koo zozote kubwa za vimondo vya chuma, kwa hiyo huenda kijisayari chake kilikuwa na historia ya peke yake.

Ivuna ni upande wa pili wa habari hiyo. Kijisayari chake kiliundwa mbali na Jua, kikachelewa, kikakosa joto la kuyeyusha mwamba. Joto dogo lililokuwapo liliyeyusha barafu, na maji yakayageuza madini kuwa udongo. Ukiondoa hidrojeni, heliamu na gesi nyingine nyepesi, uwiano wa elementi ndani ya mawe ya CI unakaribia sana ule wa Jua lenyewe. Ndiyo maana wanakemia huyatumia kama kipimo. Mwaka 2001 watafiti walitangaza kwamba wamepata asidi amino ndani ya Ivuna na Orgueil.

Hatua moja ilibaki fumbo kwa muda mrefu. Changarawe ikifikia ukubwa wa mita, gesi huipunguza mwendo nayo huporomokea kwenye Jua kabla haijakua. Mwaka 2005 Andrew Youdin na Jeremy Goodman walionyesha kwamba gesi hiyo hiyo inaweza kuzikusanya changarawe katika makundi mazito, kisha uvutano ukaziporomosha kwa pamoja zikawa kijisayari bila kupitia ngazi ya mita. Januari 2019 chombo cha anga New Horizons kilipita karibu na Arrokoth, mwili wenye vipande viwili vilivyogusana taratibu bila kupondana, jambo linaloafikiana vyema na maelezo hayo.

Desemba 2020 chombo cha Japani, Hayabusa2, kilirudisha gramu 5.4 za udongo wa asteroidi Ryugu. Ulipochunguzwa ulionekana kuwa wa jamii ya Ivuna, na ulinganisho ulifanywa na mawe hayo machache ya CI. Sehemu kubwa ya Ivuna iko London, katika jumba la makumbusho ya historia asilia, lililoipata mwaka 2008 kutoka kwa mkusanyaji binafsi. Mbozi ni mnara wa taifa tangu miaka ya 1960, na watoto wa shule hupelekwa kuiona. Ivuna nayo inastahili ukurasa wake katika vitabu vya jiografia vya shule zetu, Kitai hadi Momba, maana wapimaji wa Ryugu walilihitaji jina hilo kabla ya jingine lolote la nchi hii.

Oktoba 2023 Marekani ilirusha chombo kuelekea asteroidi Psyche, inayodhaniwa kuwa na metali nyingi. Kinatarajiwa kufika mwaka 2029, na huo utakuwa ugeni wa kwanza wa chombo chochote kwenye mwili ambao huenda ni ndugu wa ule uliotupatia chuma cha Mbozi.