Engaruka: Shamba Lililoitwa Mji

Ukiuliza habari za Engaruka, wilayani Monduli, utasimuliwa juu ya mji wa mawe uliopotea, na watu wake waliotoweka wasijulikane walikokwenda. Simulizi hiyo inavutia watalii, lakini inawadhulumu wenye mahali pale. Engaruka lilikuwa shamba, na jina hilo linatosha kuwa sifa.

Wakulima wake waliishi chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kusini mwa mlima Oldoinyo Lengai, tangu karne ya 15 hivi hadi ya 18. Msafiri Mjerumani Gustav Fischer aliyaona magofu yao mwaka 1883, na mwanasayansi Hans Reck akafuata mwaka 1913. Mwanaakiolojia Louis Leakey alipofika mwaka 1935 alikadiria kuwa palikuwa na wakazi 30,000 hadi 40,000. Hapo ndipo hadithi ya mji ilipopata nguvu.

Baadaye mwanaakiolojia John Sutton alisoma mawe yale kwa makini zaidi. Makazi yalikuwa vijiji saba tu, vilivyopangwa kwa ngazi kwenye mteremko, na wakazi wake walikuwa maelfu machache. Mawe yaliyotapakaa bondeni yalikuwa mipaka ya majaruba, kingo za mifereji na marundo ya mawe yaliyookotwa ili kupisha jembe. Eneo lote lililolimwa ni kama hekta 2,000, katika nchi kame ambako mtama usingestawi kwa mvua peke yake.

Tazama jaruba moja. Mfereji unachepushwa kutoka mtoni pale maji yanapotoka korongoni, unafuata mteremko wa taratibu, kisha unagawanyika kuwa vijito vidogo vya kuingia shambani. Upande wa kaskazini wa mashamba hayo, mwanaakiolojia Daryl Stump alichimba akakuta tope limejipanga tabaka juu ya tabaka nyuma ya kuta za mawe. Maji yalizuiwa yakapunguza kasi, yakaacha udongo, na udongo ulipojaa ukuta uliongezwa kimo. Maana yake shamba lenyewe lilitengenezwa. Udongo ambao leo tunauacha ukimbilie mabondeni, wao waliukamata wakaufanya konde. Ng'ombe walifungiwa zizini na kulishwa humo, na samadi yao ikarutubisha mashamba.

Waliojenga ni nani? Wapo wanaowataja Wairaqw. Mimi naungana na Sutton anayewahusisha na Wasonjo, kwa kuwa hao mpaka leo wanamwagilia kwa mifereji, na zamu za maji zimekuwa mikononi mwa wazee waitwao wenamiji. Hata kuondoka kwao hakuhitaji miujiza. Huenda vijito vilivyoshuka kutoka nyanda za juu vilipungua, na jamii iliyotegemea maji hayo kwa kila punje haikuweza kubaki. Fundisho ni kwamba misitu ya vyanzo vya maji na shamba la bondeni ni kitu kimoja. Ukiharibu cha juu, cha chini kimekwisha.

Wamaasai walikuja na mifugo, kisha wakulima wapya wakaja kwenye mto uleule, wakapanda mahindi, maharage na migomba. Karibuni imeongezeka mipango ya kuchimba magadi katika bonde hilo. Katika pilikapilika hizo mawe ya kale yanang'olewa: haya yajengewe nyumba, yale yapishe jembe. Simlaumu mwanakijiji, kwa maana hajawahi kuambiwa kuwa ule ukuta ni kazi ya mkulima mwenziwe.

Naiomba halmashauri ya wilaya, na serikali za vijiji vya Engaruka, zitenge majaruba ya kale katika mipango ya matumizi bora ya ardhi, ziweke mipaka inayoonekana, na kulinda vyanzo vya mto kwa nguvu ileile. Mabwana shamba wetu nao wawapeleke wakulima wakaone jinsi udongo ulivyokamatwa, kabla hawajaenda kuutafuta ujuzi huo ng'ambo.