Rsync

Rsync ni programu huria ya kulinganisha mafaili kati ya kompyuta mbili kwa kusafirisha mabadiliko tu. Iliandikwa na Andrew Tridgell na Paul Mackerras wa Australia, ikatolewa mwaka 1996.

Utendaji. Kwanza rsync hutazama ukubwa wa faili na wakati lilipobadilishwa mwisho, lisilobadilika huachwa. Lililobadilika hugawanywa vipande upande wa mpokeaji, na kila kipande hukokotolewa namba mbili: moja nyepesi ya kutafutia haraka, nyingine nzito ya kuthibitisha. Mtumaji hupitia faili lake baiti kwa baiti na kutuma yale tu ambayo mpokeaji hana. Hivyo faili la MB 200 lililoongezewa ukurasa mmoja hutumia data kidogo. Chaguo la --partial hutunza sehemu iliyokwisha kufika mtandao unapokatika. Chaguo la --delete hufuta kwenye hifadhi ya mbali kila kisichopo kwenye chanzo, hivyo litumike kwa uangalifu.

Umuhimu wake Goma. Mji huu mkuu wa mkoa wa Kivu Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, uko chini ya volkano ya Nyiragongo. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji. Tarehe 22 Mei 2021 ilifika pembezoni mwake. Kwa hiyo kumbukumbu za hospitali, ofisi na vyuo zinahitaji nakala rudufu katika seva iliyo mbali na mji, na kutuma mabadiliko pekee huliwezesha jambo hilo hata kwa intaneti ya polepole.