Walimu Waliovuka Mpaka: Kutoka Shinyanga Hadi Botswana

Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike habari za walimu wa shule hii waliokwenda kufanya kazi nchi za nje katika miaka ya 1980, kwa kuwa nami nilikuwa mmoja wao. Nimekubali, maana katika mikutano yetu jambo hili huzungumzwa kwa mzaha kuliko kwa kweli. Wapo wasemao kwamba tulikimbia. Wapo wasemao kwamba tulibahatika. Ninyi wanafunzi mlioko madarasani sasa hamjasikia hata hayo, na ninyi ndio nitakaopenda mnisome kwanza.

Ieleweke tangu mwanzo kwamba safari hii ni ya zamani kuliko sisi. Mwaka 1900 Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika Chuo cha Lugha za Mashariki. Wengi tunamjua kwa kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichotoka mwaka 1903, lakini kazi iliyompeleka huko ilikuwa ualimu. Mwaka 1904 alioa mwanamke wa Kijerumani, na mwaka uliofuata alipojaribu kurudi kwao pamoja na mkewe, wakoloni hawakukubali washuke pwani kama mume na mke. Ikambidi arudi Ujerumani, na huko ndiko alikofia mwaka 1927. Kwa hiyo tangu enzi hizo mwalimu aliyevuka mpaka aliweza kujua siku ya kuondoka, lakini siku ya kurudi ilikuwa mikononi mwa wengine.

Sisi wa Shinyanga tulianza kwa kupokea. Nchi yetu ilipopata uhuru mwaka 1961, wanafunzi wa sekondari nchi nzima hawakufika 12,000, na waliowafundisha walikuwa wageni kwa sehemu kubwa. Mwaka huo huo ulianza mpango wa kuleta walimu wa Kimarekani Afrika ya Mashariki, uliosimamiwa na Chuo cha Ualimu cha Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Waliokuwa wamekwisha kufundisha kwao walipewa mafunzo mafupi tu kisha wakapelekwa mashuleni. Wasio na mafunzo ya ualimu walipitia kwanza Makerere kusomea stashahada. Baadaye wakaja na vijana wa Peace Corps, ambao waliondoka nchini mwaka 1969.

Nilipoingia Kidato cha Kwanza mwaka 1963 niliwakuta Wamarekani wawili. Mmoja alikuwa kijana hodari sana, mwenye shahada nzuri ya fizikia, na alitupenda. Wa pili alikuwa mtu wa makamo aliyekuwa amefundisha hesabu zaidi ya miaka kumi huko Ohio. Kijana alikuwa akieleza somo mpaka mwisho, kisha anauliza, "Mmeelewa?" Nasi tukajibu kwa pamoja kwamba tumeelewa, kama ilivyo desturi ya wanafunzi duniani kote. Yule mzee hakuuliza. Alikuwa akitembea kati ya madawati, anatazama mstari wa pili wa daftari lako, anajua umepotelea wapi, tena anajua ni wangapi wamepotelea pale pale. Alikuwa hajui neno moja la Kisukuma, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji ya kunywa. Lakini tulipomaliza Kidato cha Nne, waliofaulu hesabu walikuwa wengi kuliko somo jingine lolote.

Nimemtaja mzee huyo makusudi. Watu wakisema juu ya walimu wanaohama, huhesabu vichwa: wamekwenda wangapi, wamekuja wangapi. Hesabu hiyo inadanganya. Ohio ilimlea mwalimu yule kwa miaka kumi, ikavumilia makosa yake ya mwanzo, nasi wa Shinyanga tukampokea akiwa amekwisha kuiva. Yaliyotupata baadaye ni hayo hayo, ila sasa sisi ndio tuliokuwa Ohio.

Mimi ni mtoto wa Geita. Baba yangu alikuwa karani wa stoo katika mgodi wa dhahabu uliofanya kazi tangu mwaka 1936 hadi ulipofungwa mwaka 1966. Nilikuwa Kidato cha Nne mwaka ule. Niliporudi likizo nilikuta mitambo inafunguliwa vipande vipande, na mafundi wa kuchomelea na wa umeme wamekwisha kutawanyika, wengine Mwanza, wengine Mwadui kwenye almasi. Mashimo yalibaki, na nyumba zilibaki. Baba alisema kwamba dhahabu bado ipo chini, ila wanaojua kuitoa ndio wamekwisha ondoka. Alisema kweli, maana mwaka 2000 mgodi mkubwa mpya ulifunguliwa pale pale Geita, na waliojua kuitoa ilibidi watafutwe mbali.

Baada ya Kidato cha Sita, jeshi la kujenga taifa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nilianza kufundisha hisabati mwaka 1972, na mwaka 1976 nikahamishiwa hapa shuleni kwetu. Wakati huo kwenda kufanya kazi ng'ambo kwa ajili ya mshahara lilikuwa jambo la aibu. Tulikuwa tumelelewa na mfano ambao Mwalimu Nyerere aliutoa Bungeni mwaka 1964, alipowasilisha Mpango wa Kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano: kwamba msomi ni kama mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada, na kwamba akila asirudi, huyo ni msaliti. Mimi mwenyewe niliwasomesha wanafunzi mfano huo katika somo la siasa, wala sikuona kasoro ndani yake. Hata leo sioni.

Lakini njaa iliyotukuta haikuwa ya mfano. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekausha hazina ya nchi, mafuta yalikuwa ghali, pamba yetu ya Usukuma ilikuwa imeshuka bei. Sabuni na sukari zilipatikana kwa foleni, na mara nyingine foleni ikaisha bila sukari. Elimu ya msingi kwa wote iliyoanza mwaka 1977 ilijaza watoto mashuleni, jambo la heri, lakini nafasi za sekondari hazikuongezeka kwa kadiri ile, na vitabu havikuongezeka kabisa. Katika darasa langu kitabu kimoja cha hisabati kilisomwa na wanafunzi sita. Mwaka 1986 shilingi ilishushwa thamani, kutoka kiasi cha 17 kwa dola moja hadi 40, na haikuishia hapo. Mwalimu mwenye shahada na watoto watano alikuwa akifuga kuku ili kuusindikiza mshahara. Wengine hawakwenda mbali: waliacha chaki wakashika sururu kwenye machimbo madogo ya Geita na Kahama. Hao hakuna aliyewaita wasaliti, labda kwa sababu hawakuhitaji pasipoti!

Botswana ilikuwa na shida ya namna nyingine. Ilipata uhuru mwaka 1966 ikiwa miongoni mwa nchi maskini kabisa duniani, na wasomi wake walikuwa wa kuhesabika. Mwaka uliofuata almasi iligunduliwa Orapa, mgodi ukafunguliwa mwaka 1971, na ule wa Jwaneng mwaka 1982. Fedha ilipopatikana, serikali yao ilijenga shule za sekondari hadi vijijini. Majengo yalikwisha, madawati yakafika, walimu wakakosekana. Vyuo vyao vya ualimu, kama cha Molepolole na cha Tonota, vilihitaji miaka kabla ya kutosheleza. Kwa hiyo walitangaza nafasi nje, na masharti yao yalitaka uzoefu wa kazi. Hawakutaka vijana waliotoka chuoni jana.

Sisi watu wa Shinyanga tulikuwa tumeishi jirani na almasi ya Mwadui tangu Williamson alipoigundua mwaka 1940. Nawaachia wanauchumi swali la kwa nini almasi ya huko ilijenga shule kwa kasi ile. Mimi nataka tu mwone kichekesho chake: mwalimu anaondoka kwenye nchi ya almasi kwenda kulipwa na almasi ya watu wengine.

Niliondoka Januari 1987 kwa likizo bila malipo. Treni ilinichukua Shinyanga hadi Dar es Salaam, kisha reli ya TAZARA hadi Kapiri Mposhi, basi hadi Lusaka na Livingstone, halafu kivuko cha Kazungula juu ya mto Zambezi. Siku hizi pale pana daraja, lililofunguliwa mwaka 2021. Sisi tulilala usiku mzima tukingoja zamu ya malori ipite. Nilipangiwa shule ya kijiji karibu na Serowe, na huko niliwakuta Waghana, Wazambia, Wahindi na Waingereza. Karibu idara yote ya sayansi ilikuwa ya wageni.

Lugha haikunisumbua kama nilivyoogopa. Tulifundisha kwa Kiingereza, na Kitswana kina undugu na lugha zetu: mtu ni motho, watu ni batho. Fedha yao huitwa pula, maana yake mvua, na Msukuma aliyezoea kusema mbula haambiwi mara mbili. Ni watu wa ng'ombe kama sisi, na wa kutazama mawingu kama sisi. Mzazi akija kumwulizia mtoto, huanza na habari za mifugo ndipo afike kwenye alama za mtihani. Nilijiona niko Usukuma yenye maji kidogo zaidi.

Kitu kimoja kilinishangaza. Pale Serowe, Patrick van Rensburg, mkimbizi kutoka Afrika Kusini, alikuwa ameanzisha shule ya Swaneng Hill mwaka 1963, ambako wanafunzi walijenga madarasa kwa mikono yao, na baadaye vikosi vya vijana vya kujifunza ufundi na kuzalisha mali. Hayo yalitangulia Elimu ya Kujitegemea yetu ya mwaka 1967. Nilikuwa nimekwenda nikidhani nitawafundisha habari za jembe la shule, nikakuta wanazijua, na wamekwisha kubishana juu ya matatizo yake kuliko sisi.

Mkataba ulikuwa wa miaka miwili miwili, na kiinua mgongo mwishoni mwa kila mkataba. Sitaficha: kwa fedha ile niliezeka nyumba ya wazazi Geita kwa bati, nikawalipia ada wadogo zangu watatu, na mmoja wao ni daktari hadi leo. Tulifanya hivyo karibu sote. Ukiweka hayo kwenye mizani, mfano wa Mwalimu unapata sura nyingine, kwani msaada ulirudi. Ila ulirudi kwa ndugu zetu, haukurudi darasani.

Hapa ndipo wale wasemao tulikimbia wanapokuwa na hoja, na inafaa isikilizwe bila hasira. Mwaka niliotoka mimi, mwenzangu wa hisabati alitoka pia, muhula mmoja tu baada yangu. Niliacha Kidato cha Tatu chenye vijana walioanza kuona mwanga. Nafasi yangu ilishikwa na kijana aliyemaliza Kidato cha Sita, mwenye bidii, ambaye niliandikiana naye barua. Nilimtumia maazimio yangu ya kazi na maandalio ya masomo ya miaka kadhaa. Alinijibu kwa adabu, akasema, "Mwalimu, nimeyapata yote, na kila kitu kimeandikwa; lakini wakinyamaza sijui kama wameelewa au wameogopa." Mtihani wa taifa wa mwaka 1988 ulipotoka, waliofaulu hisabati katika darasa lile walikuwa watatu. Wawili kati yao ni wanachama wa umoja wetu, na wakitaka kuniuliza swali kwenye mkutano, wana haki ya kuniuliza mbele ya watu.

Nilirudi mwaka 1995. Botswana ilikuwa imeanza kupata walimu wake wenyewe, na mikataba ya wageni ilikuwa ikipungua. Ofisi moja iliniambia kwamba miaka ile minane haimo katika hesabu ya pensheni yangu, na ndivyo ilivyobaki. Nilipangiwa tena kufundisha, nikastaafu nikiwa na chaki mkononi.

Sasa safari inaanza upya. Mwaka 2019 jumuiya ya SADC ilikifanya Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne, na mwaka 2022 Tanzania na Afrika Kusini zilitiliana saini makubaliano ya kushirikiana katika kufundisha Kiswahili. Baadhi ya walimu vijana wa mkoa wetu wamenijia kuniuliza masharti. Ninawaambia wadai barua ya ruhusa yenye mhuri kabla ya kukata tiketi, wajue michango yao ya pensheni italipwa na nani, na wakae na atakayeshika darasa lao muhula mzima, si wiki moja, wakitembea naye kati ya madawati.

Kwa kumbukumbu za jarida: kutoka shule yetu tulikwenda wanne kati ya mwaka 1985 na 1988, watatu Botswana na mmoja Lesotho. Wawili tulirudi. Wa Lesotho alifariki huko mwaka 1993 na kuzikwa Maseru. Wa nne yuko Francistown, amestaafu, ana ng'ombe wengi kuliko mimi, na ameahidi kutuma picha ya darasa la mwaka 1986, ambayo anasema ndiyo pekee iliyobaki.