Safu ya Lugha: Kurejesha si kuweka upya

Kitenzi "kurejesha" kimeanza kubebeshwa mzigo usio wake. Mtu akisahau nenosiri kuu la Thunderbird, yaani lile linalolinda manenosiri yaliyohifadhiwa katika programu hiyo ya barua pepe, huambiwa "alirejeshe". Hapana! Rejesha imetokana na rejea, yenye asili ya Kiarabu, na maana yake ni kufanya kitu kirudi: unarejesha kitabu maktaba, unarejesha mkopo benki. Nenosiri kuu likisahaulika halirudi, kwa kuwa programu haina nakala yake ya kukupa. Linawekwa upya tu, na hapo ndipo kosa la neno linapoumiza. Ukibonyeza kitufe cha kuweka upya, manenosiri yote uliyoyahifadhi humo yanafutika. Barua zako zinabaki, ila nenosiri la kila akaunti utaliandika tena, moja baada ya jingine. Aliyeambiwa "rejesha" alitarajia kupewa alichopoteza, kumbe anapoteza na alivyobakiwa navyo.

Kubadilisha nako ni kwingine: la zamani unalijua, unaliandika, ndipo unaweka jipya, na hakuna kinachofutika. Wanaotafsiri programu watuachie "kurejesha" kwa faili lililofutwa ambalo nakala yake ipo.