Kutu ya Jeddah, Nyufa za Riyadh

Kwenye haraj ya Jeddah, yaani soko la vitu vikuukuu, vifaa vya fundi humwagwa juu ya turubai ovyo ovyo: spana zilizogandana kwa kutu, nyundo zisizo na mipini, misumeno iliyopinda, randa iliyopoteza skrubu. Vingine ni mabaki ya watu waliorudi makwao moja kwa moja, uzito wa mizigo ya ndege ukawakatalia. Mnunuzi mzoefu huokota patasi, huigonga kwenye chuma kingine asikilize mlio, ndipo hutaja bei.

Kazi ya kuvifufua inategemea uko mji gani. Jeddah ina unyevu wa chumvi wa Bahari ya Shamu, kama Mombasa au Unguja, kwa hiyo fundi aliyekulia pwani yetu hana la kufundishwa: loweka kwenye siki, sugua, suuza, kausha sawasawa, paka mafuta saa ile ile, maana chuma kilichosafishwa kikaachwa kitupu hushika kutu upya upesi. Riyadh iko bara, juu na kavu. Huko chuma hukaa, mti ndio unaoteseka. Mpini wa shoka hunywea, hupasuka, kichwa kikaanza kucheza, na kichwa kinachocheza ni hatari kwa mtu. Wapo wanaokitumbukiza kwenye maji ili mti uvimbe. Unavimba kweli, lakini ukibanwa ndani ya chuma nyuzi zake hupondeka, na ukikauka tena hulegea kuliko mwanzo. Mpini unataka mafuta na kabari mpya.

Uingereza kuna desturi nyingine. Mwaka 1979 shirika la Tools for Self Reliance, la Netley Marsh, lilianza kukusanya vifaa vikuukuu. Watu wa kujitolea walivisafisha, wakavinoa, wakavipanga kwa fani, useremala mbali na ushonaji mbali, kisha vikasafirishwa Afrika, Tanzania na Uganda zikiwemo. Kwao kukarabati kulikuwa kukirudisha kifaa katika umbo lake.

Wahunzi wa Kamukunji, Nairobi, umbo la zamani haliwashughulishi. Chuma ni chuma. Springi ya gari huweza kuwa panga, pipa likawa sanduku la mwanafunzi. Tupa iliyokwisha meno ina chuma kigumu kinachofaa kisu, ila ina masharti: ipashwe hadi iwe nyekundu, ipoe polepole ndani ya majivu, ichongwe, ipashwe tena na kuzimwa kwenye mafuta, halafu ipashwe kidogo mpaka uso uwe wa manjano ya majani makavu. Ukiruka hatua hiyo ya mwisho, kisu kikianguka sakafuni huweza kuvunjika kama kioo.

Mimi sikubali kwamba ni lazima tuchague desturi moja. Chuma chenyewe ndicho huamua. Mwili wa randa nyingi za chuma umemiminwa kwenye kalibu. Ukiupiga nyundo utapasuka, kwa hiyo njia ya Netley Marsh ndiyo pekee. Tupa butu ipelekwe njia ya Kamukunji. Kinachoniuma ni pale haraj inapopima kwa kilo: patasi ya chuma bora inarushwa kwenye rundo moja na mabaki ya nondo, yote yanakwenda kuyeyushwa, na kijana wa Malindi au Tanga anayejifunza useremala anaazima patasi ya mwenzake.

Hapo ndipo sisi tulio huku Saudia tunalishinda shirika lolote, kwa kuwa tunamjua atakayekishika kifaa. Mjomba aliye Jeddah anaweza kupiga simu akamuuliza mpwa wake anakata mbao gani, anatumia mkono upi. Basi kabla sanduku halijapanda meli, kila chuma kipakwe grisi na kufungwa kwenye karatasi. Na kinoo kiwekwe kwanza, kwa sababu ndicho husahauliwa, na patasi isiyo na kinoo itarudi kuwa butu kabla kijana hajamaliza mlango wake wa kwanza.